Si Bure: Programu Huria na Watu wa Kujitolea Kisiwani Pemba

Mpemba hahitaji kufundishwa tofauti kati ya kuwa na mti na kuwa na uhuru wa mti huo. Kwa miongo mingi mikarafuu imesimama shambani kwake. Ameipanda na kuichuma, ameichambua usiku kuondoa makonyo, ameianika kwenye majamvi huku akitazama mbingu isije ikanyesha. Lakini mnunuzi halali alikuwa mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na aliyepakia gunia lake kwenye mashua usiku akaelekea Mombasa aliitwa mtu wa magendo. Mali yake, ufunguo wa mwingine.

Kompyuta zilipoanza kuingia maofisini na maskulini Chake Chake, Wete na Mkoani, zilikuja na fumbo lilo hilo. Programu ya kuandikia barua ilikuwemo ndani ya mashine, lakini mwenyewe alikuwa ng'ambo. Aliyeinunua kwa bei kamili alinunua ruhusa ya kuitumia, basi. Hakuruhusiwa kumgaia jirani wala kuifungua aone ilivyoundwa. Kwa kuwa bei hiyo haikumfikiria mwalimu wa kisiwani, kilichozunguka mitaani, kisiwani na bara, ni nakala zilizopitishwa mkono kwa mkono kwenye diski, kila moja na virusi vyake. Yakawa magendo mapya, safari hii bila mashua.

Kulikuwa na njia ya tatu, na historia yake Pemba haijasimuliwa sana kwa sababu haikufika na ngoma. Ilipenya kupitia fomu za vituo vya afya, pikipiki za maafisa wa malaria, ndege ndogo za kupiga ramani na simu za akina mama wanaotembea nyumba kwa nyumba. Wengi walioitumia hawakuwahi kuiita programu huria. Waliiita kazi.

Bure na huru

Septemba 1983 Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta huko Massachusetts, Marekani, alitangaza mradi wa GNU, akikusudia kuunda mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu atakuwa huru kuutumia, kuuchunguza, kuugawa na kuurekebisha. Mwaka 1989 uhuru huo uliandikwa katika leseni ya kisheria. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, aliongeza moyo wa mfumo, Linux, naye akauacha wazi. Watu wa nchi mbalimbali, wengi wao wakijitolea, wakaanza kurekebisha kazi za watu wasiowahi kuonana nao.

Stallman alihangaika na lugha yake mwenyewe. Kwa Kiingereza neno lile lile hubeba maana ya kutolipiwa na maana ya kutofungwa, ikambidi apite duniani akieleza kwamba anachodai ni uhuru, wala hazungumzii bei. Kiswahili hakina tabu hiyo: huru ni huru, bure ni bure. Ila kina tabu yake nyingine. Kwetu kitu cha bure ni kile kisicho na malipo, na pia ni kile kisicho na maana. Kuna maneno ya bure, kuna mtu bure, na kuna kazi bure, ile ambayo mtu hutoka jasho asione alichopata. Historia hii yote imo katikati ya maana hizo mbili. Watu walitoa nguvu zao bila malipo, au kwa malipo madogo, wakitumia zana zisizouzwa. Mahali pengine nguvu hizo zilizaa. Mahali pengine ziliishia kuwa kazi bure, na sababu yake haikuwa ubovu wa zana.

Kwa asiyeijua kompyuta, mfano wa mashua unatosha. Mashua ikianza kuvuja, mwenyewe huiburura pwani, hutafuta fundi yeyote, nyufa zikatiwa kalafati, safari ikaendelea. Sasa fikiria mashua iliyouzwa kwa sharti kwamba mbao zake zisiguswe ila na aliyeiunda, naye yuko bara jingine na ana wateja wakubwa kuliko wewe. Ikivuja, unasubiri. Akiamua kwamba muundo huo umepitwa na wakati, unanunua nyingine. Programu huria ni mashua yenye mbao wazi. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mbao kuwa wazi hakuleti fundi.

Maneno ya 2004

Afrika Mashariki ilianzia kwenye lugha. Katikati ya miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Yale, Martin Benjamin alianzisha mradi wa kamusi ya Kiswahili kwenye intaneti, uliojengwa kwa michango ya watu waliotuma maneno na maana zake. Mwaka 2003 ulizaliwa mtandao wa bara zima wa watetezi wa programu huria, FOSSFA. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden na kwa fedha za shirika la misaada la nchi hiyo, Sida, kilianza mradi ulioitwa Kilinux, wa kuipa kompyuta ulimi wa Kiswahili. Desemba mwaka huo ikatoka Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia, ya mahesabu na ya mawasilisho, menyu zake kwa Kiswahili.

Miezi michache kabla, mwezi Juni, kampuni ya Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba nayo ingeleta programu zake kwa Kiswahili. Sifa moja ya programu huria ilionekana hapo: haikuhitaji kumwomba mwenye kampuni aone faida katika lugha yetu. Mlango ulikuwa wazi, wasomi wa Dar es Salaam wakaingia.

Wakakuta mambo mazito. Chombo chenyewe kiitwe kompyuta au tarakilishi? Kile cha kusukuma mezani ni panya, kipanya au puku? Kila neno lilikuwa kura. Tangu 1930, kamati ya lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya kusanifisha, Kiswahili cha vitabu kilichukua msingi wake kutoka Kiunguja cha mjini. Kipemba kilibaki nyumbani, baharini na shambani. Miaka 74 baadaye, Kiswahili cha kompyuta nacho kilisanifiwa mezani bara, na Mpemba akakipokea kama alivyopokea kile cha vitabu: ni chake, ila kimekuja kwa meli.

Halafu fedha za mradi zikaisha. Programu ya kompyuta haitulii. Kila toleo jipya huja na sentensi mpya za kufasiri, na asiyefasiri mwaka huu, mwakani menyu yake inakuwa chotara, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. OpenOffice yenyewe ilipasuka mwaka 2010, ikazaliwa LibreOffice, na kazi ya Kiswahili ikabaki ikisubiri mikono. Mbao zilikuwa wazi bado. Mafundi walikuwa wamerudi kwenye ajira zao. Hilo lilikuwa somo la kwanza, nalo lilikuwa chungu: kazi ya ujima haidumu kwa sababu ni njema, hudumu pale watu wanapokuwa na siku ya kukutana.

Pemba yenyewe wakati huo ilikuwa na shida ya mapema zaidi ya tafsiri. Umeme ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, ghali na wa kukatikakatika. Mwaka 2010 tu ndipo kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ilipokiunganisha kisiwa na gridi ya taifa. Kabla ya hapo, kumhimiza mtu aache programu ya magendo ashike ya huria, ilhali kompyuta yenyewe imezimika, lilikuwa hubiri kwa viti vitupu.

Robo mwaka hadi robo mwaka

Programu huria iliyoota mizizi mapema Pemba iliingia kwa mlango wa hospitali, na ilizaliwa kusini kabisa mwa bara letu. Ubaguzi wa rangi ulipoanguka Afrika Kusini mwaka 1994, serikali mpya ilirithi utitiri wa mamlaka za afya zilizogawanywa kwa rangi, kila moja na fomu zake. Wanaharakati wa afya wa huko, wakisaidiana na watafiti kutoka Norway, waliunda programu ya kukusanya takwimu za vituo na kuzirudisha wilayani zitumike hapo hapo. Iliitwa DHIS. Waliiachia wazi: nchi yoyote ichukue, ibadilishe, isilipe. Ilikuwa na kasoro moja ya kuchekesha, kwani ilikuwa huria juu ya msingi usio huria. Ili ifanye kazi ilihitaji programu za Microsoft. Kuanzia 2004 Chuo Kikuu cha Oslo kilianza kuijenga upya kuanzia chini kwa zana huria tupu, ili itumike kupitia intaneti. Ndiyo DHIS2, iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza Kerala, India, mwaka 2006, na ambayo leo inatumika katika nchi zaidi ya 70.

Zanzibar iliingia katika safari hiyo mwaka 2005. Hali iliyokuwepo inajulikana na kila muuguzi wa zama zile: malaria wana fomu yao, chanjo wana yao, uzazi wana yao, ukimwi wana yao. Namba moja huandikwa mara tatu, na kila fomu hupanda juu kwa bwana wake. Takwimu ziliondoka Wete zikavuka bahari kwenda Unguja, na huko zikalala. Aliyezikusanya hakuziona tena.

DHIS ilifungwa kwenye kompyuta za wilaya, na hapo ingeweza kuishia kama mradi mwingine wowote wenye kibandiko cha mfadhili. Kilichoiokoa hakikuwa teknolojia. Ulikuwa mkutano. Kila robo mwaka, timu za wilaya ziliketi pamoja siku kadhaa, kila timu ikasimama mbele ya wenziwe na kuonyesha namba zake yenyewe. Kazi hii ilisimuliwa mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na kiini chake ni chepesi mno: mtu hawezi kuficha namba mbovu mbele ya jirani anayeijua kazi hiyo hiyo. Wilaya ikitokea na watoto waliochanjwa zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake, ukumbi huuliza. Je, wamevuka kutoka wilaya ya pili? Je, makadirio ya idadi ya watu ni ya zamani? Au karani amejumlisha mara mbili? Jibu lolote, daftari la robo ijayo huandikwa kwa uangalifu zaidi.

Waliokutana hawakuwa watu wa kujitolea kwa maana ya kawaida. Walikuwa watumishi wenye mishahara, na posho ya mkutano haikumchukiza mtu. Lakini walichofanya ndicho hasa kinachofanywa na wanaojitolea kuijenga Linux: kuonyesha kazi yako hadharani, kukosolewa na mwenzako, kuirudia. Na kwa kuwa programu ilikuwa wazi, malalamiko yao yalikuwa na pa kwenda. Fomu zilipunguzwa na kuunganishwa, na programu ikabadilishwa ili ifuate fomu mpya. Ile mashua ilikuwa imepata fundi aliyeweza kufikiwa.

Bara ilifuata baadaye. Kenya iliiweka DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, Tanzania bara ikakamilisha mwaka 2013. Aghalabu habari za maendeleo husimuliwa zikitoka miji mikubwa kwenda visiwani. Hii inasomeka kinyume: visiwa viliketi kwenye mkeka mapema, na namna ya kuketi waliyoizoea Zanzibar ikawa mfano wa kufundishia wengine.

Nazi na malaria

Mwaka 2008 Zanzibar ilikuwa imefika mahali pa kutamanisha. Vyandarua, upigaji dawa majumbani na dawa mseto vilikuwa vimeishusha malaria hadi chini ya asilimia 1 ya watu wanaopimwa. Hapo ndipo hatari mpya huanza, kwani ugonjwa ukiwa haba, mgonjwa mmoja asiyefuatiliwa anaweza kuurudisha wote. Mwaka huo ulianza mfumo wa kutuma idadi ya wagonjwa kwa ujumbe wa simu kutoka vituoni. Mwaka 2012 ukaja wa pili: programu huria iitwayo Coconut Surveillance, neno lake la kwanza likiwa na maana ya nazi, iliyotengenezwa na shirika la RTI pamoja na mpango wa malaria wa Zanzibar.

Utaratibu wake ni huu. Kituo kikipata mgonjwa, taarifa huingia kwenye kishikwambi cha afisa wa wilaya. Afisa hupanda pikipiki, huenda kituoni kuthibitisha, kisha hufika nyumbani kwa mgonjwa, katika muda unaohesabiwa kwa siku mbili tangu taarifa kumfikia. Huwapima waliomo nyumbani, huuliza nani amesafiri bara, huandika mahali nyumba ilipo, kisha taarifa hupanda mtandao ukipatikana. Pasipo mtandao, kishikwambi huitunza. Programu ilijengwa hivyo makusudi: isikate tamaa intaneti ikikata. Waliounda teknolojia ya chini yake, hifadhidata ya CouchDB, waliiachia ulimwengu bila kujua kuwa siku moja itabebwa kwenye mfuko wa mtu juu ya pikipiki baina ya mashamba ya mihogo Micheweni.

Uhuru hapo ulionekana kwa macho. Mpango wa malaria ulipotaka swali liongezwe, au ramani ionyeshwe kwa shehia (eneo dogo la utawala), haukulazimika kusubiri toleo lijalo la kampuni ya mbali. Lakini hata hapa ile kauli kwamba mbao wazi hazileti fundi ilibaki palepale: wengi wa walioweza kuugusa msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, hawakuwa wakaazi wa visiwa hivi.

Ndege ya povu

Mwaka 2004 huko Uingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na yeyote na kutumiwa na wote. Mwaka 2015 ilikuwa imeshika Dar es Salaam: katika mradi wa Ramani Huria wanafunzi wa vyuo na wakaazi wa mitaa walitembea mitaro na vichochoro vinavyofurika, wakaviweka kwenye ramani. Jina lenyewe lilikuwa tangazo tosha. Kumbe neno huria lingeweza kukaa mdomoni mwa mtu wa Tandale bila kutajwa kompyuta.

Mwaka uliofuata, 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia walianza kupiga picha visiwa vyote viwili, Unguja na Pemba, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,300, kwa droni. Zilikuwa ndege ndogo za povu zenye uzito usiofika kilo moja, zinazorushwa kwa mkono na kutua zenyewe kwenye majani. Marubani hawakuletwa na ndege kubwa. Vijana wa SUZA, wanaume kwa wanawake, walifundishwa kuzirusha, kuzifuata na kuziunganisha picha zake. Pemba si kisiwa chepesi kukipiga picha. Ina vilima na mabonde mfululizo, minazi mirefu, na pwani iliyokatwakatwa na mikoko na vijito vya bahari. Na ndege isiyo na mtu ndani inayonguruma juu ya kijiji haihitaji kuelezwa mara moja. Huelezwa kwa kila mzee anayetoka nje kuangalia juu.

Picha zilipokamilika ziliwekwa wazi. Hilo ndilo lililokuwa jipya kuliko ndege. Ramani za kikoloni na hata nyingi za baada ya uhuru zilikuwa makaratasi ya kabatini, ya kuombwa kwa barua. Hizi ziliweza kufunguliwa na mwanafunzi yeyote mwenye programu huria ya ramani kama QGIS, akachora nyumba moja moja, njia moja moja. Mwaka 2018 zikatumiwa katika shindano la kimataifa la kuifundisha kompyuta kutambua majengo kutoka juu, na majengo yaligawanywa katika aina tatu: yaliyokamilika, yasiyokamilika na misingi mitupu. Mgeni angeona hapo suala la takwimu tu. Mtu wa kwetu anaona maisha: kiwanja kilichonunuliwa mwaka huu, msingi wa mwakani, kuta zinazosubiri fedha za karafuu au za mwana aliye Muscat.

Neno lenye kivuli

Mpaka hapa nimelitaja neno kujitolea kana kwamba halina historia. Pemba linayo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kazi za ujenzi wa taifa ziliitwa za kujitolea, lakini wazee wa kisiwa wanaposimulia miaka ile, wengine huiita siku za bakora, kwa kuwa asiyetokea kazini alijua kitakachompata. Mtu aliyelelewa na masimulizi hayo hawezi kusikia wito wa kujitolea akaupokea kwa moyo mweupe siku ya kwanza. Hutazama kwanza anayeita ni nani, na faida inakwenda wapi.

Kwa hiyo hatua iliyofuata ilikuwa mtihani. Wizara ya Afya ya Zanzibar, pamoja na shirika la D-tree lililokuwa limeshafanya kazi visiwani miaka kadhaa na simu za kuwafuatilia wajawazito, ilianzisha mpango wa Jamii ni Afya. Kufikia 2021 ulikuwa umeenea katika wilaya zote 11 za Zanzibar, nne kati yake zikiwa za Pemba: Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Wahudumu wa afya wa jamii wa kujitolea zaidi ya 2,000 walipewa simu. Programu iliyomo ndani imejengwa juu ya zana huria za shirika la Medic, ambazo kila nchi inaweza kuzichukua na kuzikata kwa kipimo chake.

Mhudumu ni mtu wa shehia hiyo hiyo, anayejulikana kwao. Anabisha hodi, anakaribishwa, anakaa. Simu humpa maswali kwa Kiswahili: mama ana mimba ya miezi mingapi, ameona damu, miguu imevimba, mtoto ananyonya, anapumua kwa kasi? Kukiwa na dalili ya hatari, simu humwambia ampe rufaa, kisha siku ya pili humkumbusha arudi aulize kama mama alikwenda. Wataalamu huiita hiyo huduma ya kidijitali. Mkunga wa zamani angeiona ni kazi yake ile ile, ila sasa ina daftari lisilopotea.

Hapa ndipo ule mtihani ulipo. Programu imetolewa bila malipo na waliojitolea au waliolipwa na wafadhili ng'ambo, nayo inashikwa na mtu anayejitolea kisiwani. Lakini aliye ng'ambo akiichoka kazi yake, anayo taaluma ya kuuza kwingine. Jina lake limeandikwa kwenye kumbukumbu za msimbo kwa dunia nzima kuona. Mama wa Micheweni akichoka, hana cheti. Waliojitolea ni wote wawili, ila neno moja halina uzito mmoja kwao. Mpango wowote unaosifia kujitolea bila kuuliza anayejitolea anabaki na nini, unaelekea upande ule wa pili wa neno bure.

Ndiyo maana ile mikutano ya robo mwaka ya wilaya inastahili kukumbukwa kuliko mashine zilizokuwemo. Ilimrudishia mkusanyaji namba yake. Takwimu ikirudi shehiani, mhudumu akajua kwamba wajawazito aliowatembelea wamejifungulia hospitali wangapi, kazi yake ina tunda analoliona. Ikipanda juu isirudi, amechuma karafuu asizozipima.

Kalafati

Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilianza kukusanya sauti za Kiswahili katika mradi wa Common Voice. Mtu husoma sentensi, mwingine husikiliza na kuthibitisha, na mkusanyo wote hutolewa wazi kwa dunia ili mashine zijifunze kutusikia. Mtoa sauti anaweza kutaja pia lahaja yake. Mwaka 2004 Kiswahili cha kompyuta kilipoamuliwa mezani, Kipemba hakikuwa na kiti. Safari hii kiti kipo, na kukikalia hakuhitaji shahada wala nauli ya meli. Mvuvi anayesema kama walivyosema babu zake Kojani anaweza kuchangia kitu ambacho profesa hana.

Bado kiti kitupu ni kiti kitupu. Miongo miwili tuliyoipitia inaonyesha mambo yale yale kila mara. Jambo OpenOffice ilikuwa na wasomi na fedha, haikuwa na siku ya kukutana, ikafifia. DHIS iliingia ikiwa na msingi usio huria, lakini ilikuwa na ukumbi wa kila miezi mitatu, ikabaki na kukua. Droni zilikuja na wafadhili, lakini ziliacha vijana wanaojua kuzirusha, na ujuzi huo haukurudi na ndege ya wageni. Hesabu ya kila mradi imefungwa kwa watu waliobaki, wala haikufungwa kwa programu iliyobaki.

Leo kijana wa Chake Chake anaweza kuufungua msimbo wa programu inayohesabu wagonjwa wa wilaya yake, akausoma mstari kwa mstari, akaubadilisha, akaurudisha Oslo ukapokelewa. Hakuna sheria inayomzuia, na umeme upo. Babu yake hakuwa na ruhusa hiyo juu ya mkarafuu aliouchuma kwa mikono yake. Kinachomtenga na msimbo huo sasa ni mwalimu, na jioni moja kwa wiki ya kuketi na wenziwe. Mashua imeshaburuzwa pwani, mbao zake zi wazi. Kalafati husokomezwa ufa kwa ufa, na fundi wake hulipwa chakula.